Papa Théodore na Mlinzi wa Gari la Farasi

Jumamosi hii, tarehe 30 Novemba 2019, Papa Théodore anakabidhi funguo za ukumbi wetu sisi wahamiaji wa Yeoville baada ya miaka ishirini na moja ya kazi. Kamati ilitaka mwalimu mmoja mwenye shahada aandike maneno haya. Nikakataa. Mimi Bakiri ni bawabu wa ukumbi huu tangu siku ya kwanza, na mlango wenyewe haujapata mtu kama mimi, kwa hiyo nimeandika mwenyewe. Mama Marthe, katibu wetu, amepiga chapa tu. Nimemkataza kugusa neno.

Papa Théodore ni mtu wa Lubumbashi. Kwenye karatasi za kamati yeye ni mtunza ukumbi: viti, taa, choo, harusi, misiba. Lakini kuanzia hapa mpaka Malvern watu wanamjua kwa kazi yake ya Jumamosi mchana, kufasiri sinema. Tunafunga mapazia, anashika maikrofoni, na kila anachosema mzungu pale ukutani anakisema yeye kwa Kiswahili. Sauti ya jambazi, sauti ya sherifu, sauti ya bibi harusi, hata ya farasi.

Sinema ameonyesha nyingi. Iliyokaa ni moja, ya kauboi, ya zamani sana, haina rangi, imetengenezwa na watu wasio na kitu. Umaskini wao unauona wazi. Majambazi wanakimbizwa, wanapita jiwe moja lenye umbo la mkate, wanakimbia weee, wanapita tena jiwe lile lile. Mlima wa nyuma umechorwa kwenye shuka, upepo ukivuma mlima unatikisika. Mtu akibamiza mlango wa hoteli, hoteli nzima inatetemeka. Vijana walileta sinema mpya za mabomu na magari yanayoruka, ukumbi ukanyamaza kama hospitali. Ikirudi ile ya jiwe, watu wanasimama kulishangilia jiwe. Sababu niliijua mimi kabla ya wote: sisi wa hapa pia tumejenga kwa shuka na misumari ya kuazima, na siku ya kubamiza mlango tumeubamiza.

Watoto waliozaliwa huku, wanaosema Kizulu na Kiingereza, walimshtaki kwa wazazi. Walisema sherifu kajibu neno moja tu, Papa Théodore kaongea mpaka chai ikapoa. Akawajibu kwamba sherifu ana maneno mengi moyoni, ila aibu inamzuia. Na siku umeme ulipokatwa katikati ya mbio, hakunyamaza. Alisimulia gizani, akavuka mto, akawakamata majambazi wote, akafungisha na ndoa. Umeme uliporudi, farasi walikuwa bado kwenye jiwe. Watu wakamwamuru awafungulie majambazi, aanze upya.

Sasa niandike lile ambalo mwalimu wa shahada asingeliandika.

Mwanzoni mwa sinema hiyo kuna mlinzi wa gari la farasi, gari linalopeleka mishahara ya wachimba migodi. Hana hata jina. Anataniana na dereva, majambazi wanatokea, anapigwa risasi, anaanguka. Wanamzika na msalaba wa vijiti. Miaka yote Papa Théodore alimlilia vizuri sana.

Baridi ya Julai 2016, Adrien, Mrundi mwenzangu, askari wa duka moja la Jules Street, alipigwa risasi na wezi. Akalazwa, hajitambui. Mke wake, Mama Capitoline, hakutoka pembeni ya kitanda. Jumamosi wanawake wa kanisa wakamlazimisha apumzike kidogo, wakamleta ukumbini bila kuuliza ni sinema gani. Nilimfungulia mimi, nikampa kiti karibu na hita.

Mlinzi akaanguka. Mama Capitoline akasimama, mtandio mdomoni, anautafuta mlango kwa macho. Papa Théodore akamwona. Akasema kwenye maikrofoni, si kwa sauti ya kauboi yeyote, kwa yake mwenyewe: "Mama, kaa. Huyu hajakufa."

Akakaa. Mimi pale mlangoni nikasema moyoni, eish, mzee umejifunga, maana sinema ile naijua kuliko aliyeitengeneza, na kaburi linakuja. Kaburi likaja. Papa Théodore akaeleza kwamba wanazika koti na tandiko tu, ili majambazi wadhani wamemmaliza. Mwenyewe yuko kwa daktari, anatolewa risasi. Watu wakaguna. Karibu na mwisho akatokea mhunzi mwenye masharubu. Wale watengenezaji hawakuwa na watu wa kutosha, basi yule aliyekufa mwanzoni walimbandika masharubu wakamrudisha kuwa mhunzi. Tulilijua siku zote, tulikuwa tunamzomea. Siku hiyo hakuzomea mtu. Papa Théodore akatuuliza kama tunamwona, amepona, mpaka masharubu ameota. Viti vilianguka kwa shangwe. Mama Capitoline alicheka na kulia kwa pamoja.

Sinema ilipokwisha nikagombana na Papa Théodore pale pale kwenye ngazi za ukumbi. Nilimwambia maiti ni maiti, sinema si mali ya babake, na je, Adrien akifa? Akanijibu kwamba yeye kamzungumzia mtu wa masharubu, yule wa hospitali ni wa Mungu.

Adrien akafa wiki hiyo hiyo. Kilio kilifanyika humu humu, na Papa Théodore alipanga viti bila kuinua uso. Akamwambia Mama Marthe kwamba maikrofoni ameiweka chini, hataigusa tena, amemdanganya mjane mbele ya watu. Wiki zikapita, Jumamosi mapazia wazi, ukumbi mtupu. Hata mimi nilikosa wa kumfukuza mlangoni.

Matanga yalipokwisha, Mama Capitoline akaja, peke yake, na nguo nyeusi. Alimkuta Papa Théodore anafagia. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu: "Papa, weka ile ya jiwe. Na yule mlinzi asife."

Akaweka. Ufagio bado uko mkononi, akashika maikrofoni kwa mkono wa pili. Tangu siku hiyo mlinzi yule hajafa tena katika ukumbi huu. Mgeni akitaka kumlilia, watu wa kiti cha nyuma wanamgusa bega, wanamwambia angoje.

Juma zima Mama Capitoline ananiuliza mlangoni nani atashika maikrofoni sasa. Nimjibu hapa, mbele ya wote: ni mimi. Kamati ilikuwa na mtu mwingine, nikaongea nayo, ikaelewa. Sauti yangu ni nzito kuliko ya Théodore, na farasi wangu ni bora. Bado nasema mlinzi yule amekufa. Nimeliona kaburi, na jana nilimwambia Théodore tena, hatukukubaliana.

Papa Théodore, tunakushukuru. Nenda salama kwa binti yako Lubumbashi, ule vizuri, ulale mchana, asikugongee mtu kutaka ufunguo wa choo. Mungu akupe miaka mingi na magoti mazima. Na usiwe na wasiwasi na mlinzi. Yuko kwa daktari, anatolewa risasi.