Wasifu wa Kaka Yetu Sentimita, na Pambano Alilolitaka Mwenyewe

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake na wanafunzi wake mliofika kumsindikiza, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya marehemu kwa sababu mimi ndiye dada mkubwa, na kwa sababu siku ile ya pambano ukumbini, mtu wa tatu nilikuwa mimi. Najua wengi wenu hamkuja na majonzi tu. Mmekuja pia na swali. Tangu asubuhi nayaona macho yakienda kwenye jeneza, kisha yakigeuka kuelekea getini, alikosimama mdogo wetu. Swali hilo litajibiwa, ila kwa zamu yake, maana marehemu alipenda mambo yaende kwa mpangilio.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1968 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili kati ya watatu. Baba alikuwa fundi wa mabehewa, na mama alipika katika shule ya chekechea. Mimi nilitangulia, yeye akafuata, kisha akaja huyu ambaye mtaa mzima unamwita Bondia. Wavulana hao walilala kitanda kimoja, na kitanda hicho hakikuwahi kujua amani. Mdogo akirusha teke usingizini, mkubwa anaukamata mguu na kuung'ang'ania. Mama alikuwa akisema kwamba hao wawili wangegombana hata angewaweka vyumba tofauti, kupitia ukutani. Lakini mtoto wa jirani akimgusa mmoja wao, alikuwa amejitafutia makubwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975 na sekondari mwaka 1982. Alipokuwa kidato cha pili, mwalimu wao wa hesabu, mtu mfupi mwenye miwani, alianza kufundisha karate nyuma ya maabara. Marehemu aliingia siku ya kwanza na hakutoka tena. Mwalimu yule alikuwa na sheria aliyoipenda kuliko zote: ngumi iende kwa nguvu zako zote, halafu isimame sentimita moja kabla ya uso wa mwenzako. Ukimgusa, huna adabu. Ukisimama mbali, huna moyo. Marehemu aliifanyia mazoezi sheria hiyo mbele ya ukuta, mbele ya kioo, na siku moja mbele ya pua yangu nikiwa nafua. Upepo niliusikia, pua ikabaki salama, nami nikamrushia kipande cha sabuni kikampata barabara kwenye paji la uso. Jina la Sentimita nilimpa mimi siku hiyo, pale pale kwenye beseni, na limedumu kuliko majina yote aliyopewa na wazazi.

Mwaka 1987 aliajiriwa katika karakana ya vioo, na huko alikaa maisha yake yote ya kazi, mpaka akawa fundi mkuu. Madirisha mengi mnayochungulia katika mitaa hii aliyakata yeye. Mwaka 1996 alikodi chumba kirefu nyuma ya mashine ya kusaga unga, akakifanya ukumbi, akafungua darasa la karate la jioni. Wanafunzi wake walijulikana kwa suruali zilizojaa unga magotini. Alikuwa mkali kwa kuchelewa, mpole kwa woga, na hakumfukuza mtu kwa kukosa ada.

Tarehe 4 Desemba 1993 alifunga ndoa na wifi yangu huyu aliyekaa hapa mbele, ambaye alikuwa karani wa karakana hiyo hiyo. Wenzao kazini walikuwa wa kwanza kujua, kwa sababu marehemu alikuwa akienda ofisini kwake kila siku kuuliza bei ya kioo ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeipanga. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kiume na wa kike.

Mdogo wake naye alishika glovu na kupanda ulingoni, na hapo ndipo ubishi wa kitandani ulipopata chakula. Kila tulipokutana mezani, mmoja alianza.

"Kaka, hiyo yako ni gwaride," Bondia alikuwa akisema. "Mnapigana kwa kupokezana, kama watu wanaosalimiana. Mtu wa barabarani hana zamu."

"Na wewe ukinyang'anywa glovu na refa, utabaki na nini?"

"Nitabaki na ngumi inayofika!"

Tulicheka. Tulidhani ni mambo ya kuchekesha.

Mwaka 2009, wifi alipotoka karakana na mkoba wa fedha za kazini, wanaume wawili wenye pikipiki walimkamata mlangoni. Marehemu alitoka mbio na aproni yake. Wifi anasema hajawahi kuona ngumi nzuri kama ile. Ilitoka kiunoni, ikanyooka, ikasimama sentimita moja kabla ya pua ya mwizi. Wote wawili waliitazama, mwizi akishangaa, na marehemu akishangaa zaidi. Kisha mwizi akamtwanga mdomoni kwa kofia ngumu ya pikipiki. Mkoba ukaenda, na meno mawili ya mbele yakaenda nao.

Bondia alifika hospitali akiwa na machozi na kicheko pamoja. "Pole sana, kaka. Sasa yule ulikuwa unampima pua umkatie kioo?" Marehemu alicheka na mdomo wake uliovimba, lakini mimi nilikaa karibu naye na niliona kwamba macho hayakucheka.

Jambo la pili halikuwa na kicheko. Mwaka 2021 mwanafunzi wake mmoja, kinyozi, alitolewa kisu njiani akitoka kazini. Kinyozi alifanya kama alivyofundishwa: akazuia, akashika kiganja, akaanza kukizungusha. Ukumbini, mwenye kisu cha mbao anachoma mara moja halafu anauacha mkono wake hewani, akusubiri umalize mtindo wako. Wa barabarani hakusubiri. Alichoma tena na tena, na mishipa ya mkono wa kulia wa kinyozi ikakatika. Yuko hapa leo, na wengi wenu amewanyoa kwa mkono wa kushoto. Marehemu alikaa wodini naye, akarudi, akafunga ukumbi kwa kufuli. Aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Dada, nimewafundisha watoto wa watu kupigana na mtu anayesubiri."

Ukumbi ulibaki umefungwa karibu mwaka mzima. Wazazi waliuliza, wanafunzi waliuliza, kufuli likabaki pale pale. Hakulala vizuri, hakula vizuri, na sote tulidhani ni huzuni. Halafu Jumapili moja ya Aprili 2022 alitualika mimi na Bondia ukumbini mchana, akafunga mlango kwa ndani, akavua viatu.

"Tumebishana vya kutosha," akamwambia mdogo wake. "Vaa glovu zako ndogo. Leo nipige."

Bondia alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha akaanza kurudi mlangoni. "Kaka, mimi sipigani na wewe. Una miaka hamsini na kitu!"

"Nipige kama mtu usiyemjua. Ukinionea huruma utakuwa umenidanganya, na mimi nitafungua mlango huu niendelee kuwadanganya wengine. Kinyozi alipoteza mkono kwa kuniamini. Nataka kujua ni kipi cha kweli na kipi si cha kweli."

"Dada, mwambie aache," Bondia akaniomba. Nilimwambia aache. Nilimwambia kwa sauti ambayo nadhani walioko kwenye mashine waliisikia. Hakuacha.

Sasa nasema nilichokiona, na yeyote mwenye maneno mengine anipe mimi uso kwa uso. Marehemu alipigwa. Alisimama kwa ule msimamo wake mzuri wa chini, na msimamo ule ulimfanya awe shabaha tu. Alizuia ngumi ya kwanza kama kitabuni, ya pili na ya tatu zikapita. Alianguka, akainuka. Bondia alikuwa analia huku anapiga. Kisha Bondia akakanyaga mbele kwa uzito wote, na mguu wa marehemu ukapita chini na kuufagia mguu wake. Bondia alikwenda chini kwa mgongo, sakafu ikatoa vumbi la unga, na ngumi ya marehemu ikashuka usoni mwake. Ikasimama. Sentimita moja.

"Malizia!" Bondia akapiga kelele.

Marehemu aliitazama ngumi yake, akatikisa kichwa, akarudi nyuma. Bondia aliinuka kwa hasira ya mtu aliyetiwa aibu, akamchapa ngumi moja chini ya mbavu za kulia. Kaka yetu alipiga magoti na hakuweza kuvuta pumzi. Tulimlaza. Alipopata sauti alisema, "Kufagia mguu ni kweli. Kile cha kisu ni uongo mtupu." Na alikuwa anatabasamu bila meno yake mawili. Nilitamani kumpiga na mimi.

Ukumbi ulifunguliwa wiki iliyofuata. Marehemu aliwaambia wanafunzi wote kwamba alipigwa, na akawaeleza alipigwaje. Somo la kisu likawa kukimbia: mlango unafunguliwa, unatoka, na ukisimama kugeuka nyuma unarudia. Kila Jumamosi Bondia alikuja kuwapiga kwa glovu nene, wajifunze kwamba mkono wa adui haubaki hewani. Wakapungua waliopenda mitindo, wakabaki waliotaka kujua. Miezi ile ndugu hawa wawili walikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona tangu utotoni.

Agosti marehemu alianguka karakana akalazwa. Ilikuwa saratani ya ini. Nyote mlisikia ini, mkakumbuka ngumi chini ya mbavu za kulia, na maneno yakaanza. Mtu mmoja alisema kisimani, mwingine akaongeza sokoni, na Bondia akawa muuaji wa ndugu yake. Aliyaamini hata yeye. Hakuwahi kuingia wodini. Alikuwa akikaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha, na marehemu akikohoa alikuwa anasimama.

Wifi ameniruhusu kusema haya. Daktari aliwaambia yeye na mumewe mwezi Februari, kabla ya pambano, kwamba ugonjwa umekwisha kuenea na haungetibika. Marehemu alimwapisha anyamaze, kwa sababu Bondia angejua asingepiga. Nilipomuuliza daktari mwenyewe, alijibu kwamba hakuna ngumi iliyoleta ugonjwa ule wala kuuharakisha. Kwa hiyo mdogo wetu hakumuua mtu. Alitumiwa na kaka yake kutafuta ukweli, bila kuambiwa gharama yake, na kwa jambo hilo nilimkasirikia marehemu mpaka kitandani kwake hospitalini. Nilimwambia. Akasema, "Una haki, dada. Uwaambie nilipigwa, na uwaambie nililitaka mwenyewe. Na siku ya kunibeba, upande wa kichwa ashike yeye."

Alifariki tarehe 9 Novemba 2022 asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Marehemu ameacha mjane; mwana ambaye ni dereva; binti ambaye tangu Septemba ndiye anayeongoza darasa nyuma ya mashine ya unga; wajukuu watatu; dada mmoja, ambaye ni mimi; kinyozi, aliyeomba aandikwe pamoja na familia, nasi tukakubali; na mdogo wake wa tumbo moja, Bondia, aliyempiga kwa sababu aliombwa kwa upendo.

Pumzika, kaka. Umeshapigwa vya kutosha, sasa lala.

Na wewe, mdogo wangu, wodini hukuingia. Toka hapo getini uje. Wabebaji wamejipanga na upande wa kichwa hauna mtu, na jeneza hili halitainuliwa mpaka uushike.