Vibao vya Patrisi Qamara

Ndugu waombolezaji, kaka yetu Patrisi, tunayemzika leo hapa Oldeani, alizaliwa Mbulumbulu tarehe 14 Machi 1931, mtoto wa pili wa Mzee Qamara na Mama Germana.

Alisoma Karatu hadi darasa la sita. Hesabu zilimshinda, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri hata walimu wakamwachia maandishi yote ya ukutani.

Alipata leseni mwaka 1957, na kuanzia 1968 aliendesha lori la kampuni moja lililoleta mitungi ya gesi ya kuulia wadudu kwenye maghala ya ngano. Gesi hiyo ni sumu, na haina harufu. Sheria ilitaka lori liwe na vibao vya fuvu na mifupa pande zote nne, na visitolewe hata gesi ikiisha, mpaka mitungi isafishwe, kwa sababu masalia hubaki ndani. Marehemu alivipaka rangi mwenyewe. Kimoja kikuukuu alikipigilia kwenye ghala lake la mahindi, akatamba kwamba hata panya wamehama.

Alifunga ndoa na shemeji yetu Bibiana parokiani Karatu tarehe 8 Julai 1959, wakajenga hapa. Waliishi vizuri, ingawa marehemu alikuwa mbishi, tunamjua.

Tarehe 21 Aprili 1974 ndiyo iliyombadilisha. Alikuwa akirudisha mitungi iliyokwisha, mvua inanyesha, akawakuta vibarua wa kahawa wakitoka mazikoni Karatu kurudi Oldeani. Walikataa kupanda. Huku kwetu wengi waliamini lori lenye fuvu hubeba maiti, na aliyetoka kuzika hapandi na maiti mwingine. Akawahurumia, akavitoa vibao, akawafunika kwa turubai pamoja na mitungi. Kwenye njia panda ya Oldeani alifungua nyuma washuke. Waliokaa karibu na mlango walishuka wakiyumba. Clemensi na mkewe Rozalia, watu wa Singida, hawakushuka. Walikuwa wameegemeana, macho wazi.

Tangu hapo hakuvitoa vibao tena, hata alipopakia viazi. Kila alipofika njia panda alisimama, akafungua nyuma, akangoja, akafunga. Mimi, mdogo wake Sylvesta, nilipanda naye siku moja ya ukungu. Hatukuwa na mzigo, lakini lori lilipanda mlima likihema. Nilimwuliza anangoja nani.

"Bado hawajashuka," akasema.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 1983. Alifariki hospitalini tarehe 2 Juni 1986. Jana yake alimwomba Bibiana kwamba gari litakalomrudisha liwekwe vibao, lifunguliwe pale njia panda, ndipo vitolewe.

Juzi tulifanya hivyo. Dereva wetu Ignas ni mgeni, hakuambiwa lolote. Tulipanda kutoka Karatu kwa gia ya kwanza, na nyuma kulikuwa na jeneza moja tu. Tulifungua, tukasimama kwenye ukungu, hakuna aliyejua la kufanya. Niliogopa, nakiri. Ndipo Bibiana akasema kwa upole, "Shukeni, ndugu zetu. Tumefika."

Tukavitoa vibao. Mbele kidogo Ignas alipandisha gia, akauliza tumeteremsha nini.

Marehemu ameacha mjane, Bibiana, watoto watatu, Inosenti, Lukresia na Leonida, na wajukuu.

Bwana awapumzishe wote watatu.