Profesa Wadih Shalhub, Aliyechelewa Kuitetea Chemchemi

Wapendwa waombolezaji, Baba Paroko, na ninyi mliopanda mlima kutoka Beirut, familia imeniagiza niwasomee maisha ya ndugu yetu, na marehemu mwenyewe aliagiza yasomwe bila kupakwa asali.

Wadih Shalhub alizaliwa hapa Kfar Shawha tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa mzee Mikhail, mkulima wa tufaha, na mama Adla, akasoma shule ya kijiji, kisha sekondari Zahle, akaendelea na teolojia hadi Thesalonike, alikopata udaktari mwaka 1983 kwa utafiti kuhusu maji na misitu katika mafundisho ya mababa wa Kanisa. Alirudi vita vikiwa bado vinawaka, akaanza kufundisha Beirut, na tarehe 14 Septemba 1985 alifunga ndoa na Bi Mirna, wakajaliwa Rabih na Ghada.

Vitabu vyake vilimpeleka mbali, akifundisha kwamba anayeiumiza ardhi humuumiza aliyeiumba. Lakini mwaka 1998, mfanyabiashara mmoja alipotaka kufungua machimbo ya kokoto juu ya chemchemi yetu, alikuwa amekwisha kuahidi kugharamia idara mpya chuoni ambayo Wadih angeiongoza, na wanakijiji walipomwita ndugu yetu awatetee, alisimama humu humu kanisani akasema kwamba mlima nao umeumbwa umtumikie binadamu. Watu wakakubali kwa heshima yake. Miaka michache baadaye chemchemi ilitoa tope, halafu ikakauka, bustani za tufaha zikafuata, na mama Adla alifariki akinywa maji ya kuletwa na lori.

Wadih hakuacha kufundisha, aliacha kuja nyumbani, kila Pasaka ana udhuru, hadi mwaka 2007, kwenye mkutano wa wanazuoni huko Kupro, binti wa jirani yetu Fares, aliyekuwa mwanafunzi, aliponyanyua mkono akamuuliza kwa upole, "Profesa, kwenu siku hizi mnakunywa maji ya wapi?" Wadih alikusanya karatasi zake akashuka jukwaani, uso umemsawijika.

Jumapili iliyofuata alisimama hapa baada ya ibada, akasema, "Nilijua, na bado nilisema." Dada yake Nuhad akamwambia: "Kaa chini, Wadih. Aibu yako tumeshainywa. Tuambie utafanya nini."

Aliiacha idara, akatoa ushahidi mahakamani, machimbo yakafungwa mwaka 2015, ingawa maji hayakurudi.

Alianza kuugua figo Novemba 2021, akafariki hospitalini tarehe 3 Februari 2024, Nuhad akiwa amemshika mkono. Aliomba asizikwe karibu na mama Adla, akisema hana uso wa kulala hapo, nasi kwa hilo tumemkatalia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wanafunzi na wanazuoni wenzake, na zaidi ya wote majirani, ambao bustani zao zilikauka kwa neno la kinywa chake, na ambao jana walimchimbia kaburi ubavuni mwa mama yake bila kuombwa na mtu. Hatujui tuwatazame kwa macho gani.

Wadih, Mungu akujalie ile amani uliyoona haya kuiomba. Pumzika.