Pindo la Makala

Mhariri: Haloo, chumba cha habari. Naongea na nani?

Mzee: Haloo. Ni mimi, Fundi Saa. Yule wa makala za Jumatano.

Mhariri: Mzee wangu! Shikamoo.

Mzee: Marahaba, binti. Hamjambo hapo?

Mhariri: Hatujambo. Simu inakwaruza kidogo, lakini nakusikia. Makala ya leo imependwa, mzee. Hiyo ya mama watoto wako na darasa lake la cherehani. Mpaka dereva wetu kaisoma. Anauliza kama mama bado anafundisha, ana binti yake anataka kumleta.

Mzee: Ulimjibu nini?

Mhariri: Nikasema nitakuuliza wewe.

Mzee: Hafundishi tena.

Mhariri: Apumzike, ana haki. Maana kazi aliyoi—

Mzee: Binti. Ile makala uliisoma?

Mhariri: Niliisoma, mzee. Pale wanafunzi wanaiba chaki ya kuchorea vitambaa wanajipaka kope, nilicheka peke—

Mzee: Hapo ni katikati. Nauliza mwisho.

Mhariri: Mwisho… si pale anapowafundisha kutia kola?

Mzee: Hapo ndipo gazeti lilipoishia. Mimi sikuishia hapo. Baada ya kola kulikuwa na aya nyingine nyingi, na ya mwisho ilisema amefariki. Alhamisi iliyopita.

Mhariri: Mzee…

Mzee: Haipo. Nimetazama mpaka ukurasa wa nyuma. Chini ya kola kuna tangazo la matangi ya maji.

Mhariri: Mungu wangu. Pole. Pole sana, baba. Sikujua. Hapa hakuna hata mmoja aliyejua.

Mzee: Asante. Mngejuaje? Nilikuwa nimewaandikia.

[simu inakwaruza]

Mhariri: —ndiyo utaratibu wetu siku hizi, baba. Makala haizidi maneno mia nne. Yako ilikuja ndefu, karibu elfu mbili. Na lile tangazo lilifika jioni. Nafasi ikibana, mpanga kurasa anakata kuanzia chini, hata hasomi. Lile la muhimu huwa linakaa juu.

Mzee: Mimi nililiweka mwisho kwa sababu ndipo lilipotokea.

Mhariri: Nimekuelewa.

Mzee: Silaumu. Nimesoma shule ya jioni mimi, najua kanuni ni kanuni. Shida ni hii simu. Namba yangu mmeiweka juu kabisa, chini ya jina.

Mhariri: Wanapiga?

Mzee: Tangu asubuhi. Nimekaa kitandani, nimevaa kiatu kimoja. Kila nikitaka kuvaa cha pili inaita. Ni wanafunzi wake wa zamani. Mmoja ana duka la sare za shule sasa, anasema bila mama asingejua hata kushika mkasi. Anataka kuongea naye.

Mhariri: Ukamwambiaje?

Mzee: Nilisema amelala. Ulimi ulitangulia. Akasema basi asiamshwe, atapiga tena jioni. Wa pili nikamwambia katoka. Muuza mkaa kapita dirishani na gazeti lake, ananitania, mzee umemsifia mama kama unamposa upya, msalimie. Nikamwambia zimefika.

Mhariri: Baba, una mtu hapo nyumbani?

Mzee: Wapo. Wanangu wako uani. Tulimzika kijijini, wao wanajua. Wasiojua ni wasomaji wenu. Na yule wa sare anapiga jioni. Sitaweza kusema amelala mara mbili.

Mhariri: Sikiliza. Jumamosi nitaichapa yote. Nitapigana na watu wa matangazo, nikupe ukurasa mzi—

Mzee: Hapana.

Mhariri: Neno kwa neno, baba, hatugusi—

Mzee: Ni ndefu. Nimeisoma leo, ni ndefu kweli. Za zamani mlikuwa mnazikata?

Mhariri: Zako? Hapana. Zilikuwa zinakuja zimekaa sawasawa. Tulikuwa tunakusifia hapa.

Mzee: Alikuwa yeye. Namsomea, yeye yuko kwenye cherehani, hata hanitazami. Nikimaliza anachukua karatasi, anaikunja chini kama anapinda pindo la sketi, anapitisha ukucha. Ananiambia, "Ishia hapa, Fundi, huku chini unajisikiliza mwenyewe." Nanuna. Kisha nakata palepale.

Mhariri: Na hii je?

Mzee: Safari hii niliikunja mwenyewe. Nikaikunjua. Sikuona pa kuishia.

[simu inakwaruza]

Mhariri: —nisikia, baba? Kuna toleo la mtandaoni, naweza kuweka taarifa sasa hivi. Kabla ya jioni wataiona. Na kesho inatoka gazetini, ukurasa wa mbele, pembeni. Lakini ni mistari mitatu tu. Nipe maneno, nayaandika.

Mzee: Sasa hivi?

Mhariri: Sasa hivi.

Mzee: Andika. Katika ujana wake, enzi zile mafundi wanawake walipokuwa bado wachache mjini, na cherehani ya mguu ilipokuwa—

Mhariri: Baba.

Mzee: Ndiyo.

Mhariri: Mistari mitatu.

Mzee: Haya. Andika hivi. Mwalimu wa cherehani mliyemsoma Jumatano amefariki dunia.

Mhariri: "…amefariki dunia." Nimeandika.

Mzee: Kola alizitia vizuri.

Mhariri: Nimeandika.

Mzee: Mumewe ndiye aliyerefusha.

Mhariri: Hiyo nayo niiweke, baba?

Mzee: Kama nafasi ipo. Subiri, kuna simu inataka kuingia. Ni yule wa sare, kawahi. Na salio langu limebaki la kusema kwaheri. Isome, binti, nisikie inavyokaa.

Mhariri: "Mwalimu wa cherehani mliyemsoma Jumatano amefariki dunia. Kola alizitia vizuri. Mumewe—"

Mzee: Hapo. Kunja hap—

Mhariri: [simu imekatika] Haloo? Baba? Haloo?