Makarius Ndayiragije na Ndege Aliyokataa Kuishusha

Ndugu waombolezaji mliokaa hapa chini ya turubai, na ninyi mliochagua kusimama nje ya uzio kwa sababu mnazozijua wenyewe, familia inawasalimu wote sawasawa, na inaomba mtulie msikie maisha ya Makarius Ndayiragije kama alivyoyaishi, maana kwa miaka mitatu amesimuliwa mno na watu wasiowahi kunywa hata maji nyumbani kwake.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1968 huko Makamba, Burundi, akiwa mtoto wa nne wa mama yetu Esteri, na mwaka 1972 alivuka mpaka akiwa mgongoni mwa mama huyo, akakulia Kasanda, upande huu wa Tanzania, ambako alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, akamaliza darasa la saba, kisha akajifunza ufundi baiskeli.

Tarehe 22 Juni 1991 alifunga ndoa na Vestina, ambaye ndiye aliyetutamkia maneno haya neno kwa neno, na Mungu akawajalia watoto watatu, Nestori, Rosa na Marselino, wote wako hai na wote wamekaa mbele yenu.

Mwaka 1996 aliajiriwa kibarua katika kiwanja cha ndege cha Kibondo, kazi yake ikiwa kufyeka nyasi na kufukuza mbuzi kabla ndege za mashirika ya kuhudumia wakimbizi hazijatua, kazi ambayo wenzake waliiona ya kubangaiza tu, lakini yeye aliipenda waziwazi, kwani alisimama karibu na ndege kuliko mtu yeyote, na alizoea kumwambia Mama Nestori kwamba uzuri wa ndege uko pale inapokaribia ardhi bila kuigusa, ikishagusa ni gari tu. Mashirika yalipofunga virago mwaka 2009, alihamia hapa Makere, wilaya ya Kasulu, akafungua karakana ya baiskeli iliyopakana ukuta mmoja na duka la jirani yetu Hilali.

Mwezi Agosti 2012, marehemu alimaliza kuchonga kwa mbao laini ndege kama zile za Kibondo, kila mita ya ndege ya kweli akiifanya sentimita mbili, akaipaka rangi nyeupe, akaupaka ukuta wa karakana rangi ya samawati, na asubuhi wateja walipofika waliikuta ndege imesimama hewani, pua ikiwatazama mlangoni, mkia ukielekea ukutani bila kuugusa, bila kamba juu wala kigingi chini, na mwanzoni watu walicheka, wakapiga makofi, wakaleta hadi wageni wao kuitazama.

Mwaka uliofuata watoto wa mtaa wetu waliugua surua, na badala ya kuuliza habari za chanjo, watu waliuliza habari za ndege, wakaanza kusema kwamba kitu kisichoshikiliwa na chochote kina mwenye kukishikilia, na kwamba mtu aliyekuja bila ukoo wala shamba lazima alikuja na dawa. Tarehe 17 Februari 2013 uliitishwa mkutano, wazee wakaja karakanani, wakasimama kizingitini, wakapitisha fimbo juu ya ndege kutafuta uzi, wakaipitisha chini kutafuta mguu, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kupita mbele ya pua ile na kwenda nyuma ya mabawa, walirudi kivulini wakatoa uamuzi kwamba Makarius aonyeshe kinachoishikilia, au aishushe na kuichoma moto, au ahame Makere.

Siku hiyo Mama Nestori aliogopa sana, na halifichi hilo, kwani maombi yao ya uraia yalikuwa bado hayajajibiwa na jina baya lingeweza kuwarudisha barabarani na watoto, akamsihi mumewe aonyeshe tu yaishe, lakini marehemu aliwajibu wazee mbele ya watu wote kwamba angemwonyesha kwa furaha mtu yeyote aliyeuliza kwa kupenda, ila kwa aliyeuliza kwa kumtuhumu hataonyesha kitu, kwa sababu akikubali leo kujitetea kwa ajili ya kipande cha mbao, kesho atatakiwa kujitetea kwa ajili ya mvua. Hakuonyesha, hakuishusha, hakuhama. Wateja walipungua, salamu zikakatika, naye kila asubuhi aliifuta vumbi ndege yake mlango ukiwa wazi, na mwaka 2014 alipopokea cheti cha uraia alirudi nacho akitembea katikati ya barabara, taratibu, ili kila mtu amwone.

Mwezi Mei 2015 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa Kasulu na baadaye Kigoma, na tarehe 9 Novemba 2015, asubuhi, alifariki dunia akiwa ameshikwa mkono na mke wake. Tangu jana baadhi yenu mmetuma watu kuomba ndege ile izikwe pamoja naye, na jibu la Mama Nestori ni kwamba anazikwa Makarius peke yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mafundi baiskeli wenzake waliochimba kaburi, na majirani waliopika tangu juzi. Shukrani ya mwisho ni ya jirani yetu Hilali, na Mama Nestori ameagiza itolewe kwa sauti, kwa kuwa sasa hakuna anayeweza kusema imetolewa kwa woga. Ndege ya Makarius imeshikiliwa na spoki tatu za baiskeli zilizosokotwa pamoja, zikapakwa samawati ya ukuta, zinatokea mkiani, zinapenya ukuta, na zimekazwa kwa nati upande wa pili, ndani ya duka la Hilali, nyuma ya magunia ya sukari. Hilali alikuwepo mkutanoni siku ile, alitaka kufungua duka lake awaonyeshe, marehemu akamwomba anyamaze, akanyamaza, akapoteza wateja pamoja naye, na kila mwezi kwa miaka mitatu alisogeza magunia yale akaikaza ile nati.

Anayetaka kuiona apitie dukani, aanze kwa salamu.

Pumzika kwa amani, Baba Nestori, nati imekazwa leo asubuhi.