Kabati la Televisheni

Kwenye basi, muuguzi alifumba macho, masikio akayaacha wazi. Mbele yake seremala alikuwa akimweleza mwalimu, wamejuana palepale kitini, kwamba televisheni kubwa anaisubiri ishuke bei.

"Tangu lini, kaka?"

"Mwaka wa tatu huu. Ila kabati lake nimeshalichonga. Zikatoka televisheni pana zaidi, nikalipanua."

Makubwa, muuguzi akawaza. Kakata kanzu, mwana hajazaliwa.

"Na kabati liko tupu?"

"Mama mkwe kapanga vyombo vyake humo. Kwa muda tu."

"Basi inunue leo. Kesho nani atamwambia avitoe?"

Basi liliposimama seremala alishuka, na muuguzi akafumbua macho, akamwona akilipita duka la televisheni na kuingia la mbao.