Antena Juu ya Jiwe

Kijiwe chetu cha Bugarika ni ubao mmoja uliolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya kibanda cha Muhidin, fundi cherehani. Ukikaa hapo unaiona nyumba yangu, nyuma ya nyumba unaliona jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe, na juu ya jiwe unauona mlingoti wa bomba wenye antena ya televisheni. Jioni Najat hufika na birika la kahawa na kashata, na mazungumzo huanza. Muhidin tunamwita Redio Mbao, kwa sababu anaamini chombo cha mwisho kutengenezwa kwa uaminifu ni redio ya sanduku la mbao. Mashimba, dereva wa bodaboda, anaitwa Inchi, kwa sababu hupima kila kitu duniani kwa ukubwa wa kioo. Mimi nilikuwa mtafiti wa samaki ziwani mpaka nilipostaafu, kwa hiyo ni Dokta Sato. Mke wangu, Justa, alifariki wakati wa Kwaresima. Siku za matanga televisheni ilizimwa, kama ilivyo desturi. Tulipoondoa tanga nikaiwasha, kioo kikaandika kwamba hakuna mawimbi: upepo wa ziwani ulikuwa umeigeuza antena. Tangu hapo nyumba yangu iko kimya. Jioni ninayoisimulia nilikuwa nimenunua dishi, namsubiri fundi aje kulifunga.

— Shikamoo, Dokta. Nasikia umenunua dishi, alianza Mashimba kabla hata hajashusha stendi ya pikipiki.

— Marahaba. Nimenunua. Fundi analileta sasa hivi.

— Dishi! Mzee wangu, si ungeniuliza mimi? Ungechukua smati tivii, inchi sitini na tano, hezi mia na ishirini. Mpira ukipigwa hauachi mkia nyuma. Unaunganisha na bando la simu, basi, umemaliza. Hakuna waya, hakuna mlingoti, hakuna kupanda jiwe.

— Bando, alisema Muhidin, macho yakiwa kwenye pindo la suruali aliyokuwa anaishona. Dakika ya themanini na tisa, penalti, mpigaji anarudi nyuma, kioo kinaanza kuzungusha kale kaduara. Kaduara kakiacha kuzunguka, watu wanatoka uwanjani.

— Hiyo ni simu yako ya tochi, mzee.

— Simu yangu ya tochi inakaa na chaji wiki nzima, wewe Inchi. Yako unatembea nayo na waya kama mgonjwa wa dripu.

Najat, ambaye huniita kwa jina la binti yangu, alicheka, akanipa kikombe.

— Kunywa, baba Evelina, usiwasikilize. Halafu wewe Inchi, hiyo sitini na tano utaiweka wapi? Sebule ya baba Evelina naijua. Ukikaa kwenye kochi magoti yanagusa kioo. Utaona tundu la pua la msomaji, habari yenyewe huioni.

— Ndiyo raha yake, dada. Unaona kila kitu.

— Kila kitu nikione cha nini? Na hizi televisheni bapa zina kasoro nyingine. Zimekondeshwa mpaka sauti imekosa pa kukaa. Ile ya zamani ya chogo ilikuwa na tumbo, sauti ilitoka tumboni. Hii unaongeza mpaka mwisho, mtu anaongea kama yuko ndani ya debe. Ukirudi dukani wanakwambia ongeza sabufa. Si sawa na kuuziwa kuku hana mapaja, halafu mapaja yanauzwa dirisha la pili?

— Hilo ni kweli, nilisema. Spika nzuri inataka nafasi, na ndani ya kioo chembamba nafasi hakuna.

— Umesikia? Dokta kapitisha.

— Sabufa siyo hasara, alisema Mashimba. Sabufa ndiyo maisha. Nikiweka besi kwangu, vikombe vinacheza kabatini.

— Tunajua, alisema Muhidin. Ndiyo maana samaki wamehama.

— Samaki gani tena?

— Wa ziwa hili. Kila baa ya ufukweni sabufa, kila harusi sabufa. Besi inaingia kwenye mwamba, mwamba umeshuka mpaka majini, sato anapata presha, anahamia Ukerewe kwa ndugu zake. Muulize Dokta, si kaishi nao?

Wote wakanigeukia.

— Samaki wanasikia, nilisema. Ila waliopungua, walipungua kwa sababu ya nyavu.

— Nyavu na sabufa, akamalizia Muhidin, akakata uzi kwa meno.

Mashimba aliweka kikombe chini kwa uangalifu wa mtu anayetaka kutoa siri.

— Mimi niwaambie ukweli? Tatizo la picha hapa Bugarika siyo antena wala kioo. Ni daraja.

— Daraja gani?

— La Kigongo kwenda Busisi. Hesabuni wenyewe. Tulipokuwa tunavuka na kivuko, picha safi. Daraja limefunguliwa, picha zinaganda. Vyuma vyote vile vimesimama majini! Mawimbi yanapita juu ya ziwa, yakifika pale yananaswa kama sangara. Zile nguzo zimeshiba taarifa ya habari.

— Mnara uko hapa hapa mjini, alisema Najat. Mawimbi yaende Busisi kufanya nini?

— Yanazunguka. Kuna abiria wangu alishuka katikati ya daraja, akaegemeza sikio kwenye chuma. Anasikia mpira unatangazwa, laivu.

— Timu gani ilikuwa inaongoza? aliuliza Muhidin.

— Hakungoja. Alikuwa anawahi Geita.

Tulicheka wote, na mimi nilicheka. Muhidin alicheka mpaka akashika meza ya cherehani.

Lakini kila mmoja pale alijua picha ilikokwenda. Antena imegeuka, na dawa yake ni kuigeuza tena. Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja anapanda juu ya jiwe kushika bomba, mwingine anakaa ndani mbele ya kioo na kupaza sauti dirishani. Kwetu mimi nilikuwa wa juu, Justa alikuwa wa ndani. Kila upepo mkubwa ulipopita tulifanya hivyo, na kijiwe kizima kilisikia: “Kushoto! Rudisha, umepitiliza! Hapo hapo, usiguse tena!” Muhidin naye alikuwa akidakia kutoka kwenye cherehani: “Dokta, umeambiwa usiguse!” Sasa walikuwa wananizungumzia hezi na nguzo za daraja, na hakuna aliyelitaja lile dirisha. Mimi nilichagua dishi kwa sababu moja. Mwenye duka alinihakikishia kwamba likishakazwa nati halitageuka, na sitahitaji kuitiwa na mtu tena.

— Dishi nalo lina ugonjwa wake, alisema Muhidin. Likiona wingu tu, limekata. Mvua ya hapa unaijua.

— Mvua ya hapa ikianguka kwenye bati, hata televisheni ikiwa nzima hutaisikia, nilimjibu.

— Sawa. Lakini kwa nini usikae na redio tu, ndugu yangu? Alisema hilo kwa sauti ndogo kuliko yote aliyosema jioni ile. Redio haikulazimishi uiangalie. Unapika, yenyewe inaongea.

— Nilijaribu. Niko jikoni, inaongea sebuleni. Nikawa naijibu.

Nikaona ni haki yao nimalizie.

— Nataka kitu cha kutazama. Nijue sauti inatoka wapi.

Muhidin alitikisa kichwa polepole, akaitandaza upya suruali ambayo ilikuwa imetandazwa tayari. Mashimba alikohoa.

— Basi Dokta, siku ukibadilisha kioo, chukua vile vipya ambavyo nyeusi yake ni nyeusi kweli. Siyo hii nyeusi ya kijivu. Ukiweka filamu ya pangoni, mwenyewe unanyanyuka kutafuta tochi.

— Na ukiacha alama ya stesheni hapo pembeni siku nzima, alisema Najat, si nasikia inabaki kwenye kioo moja kwa moja, hata ukihamisha?

— Inabaki kidogo, kama kivuli. Kila chenye raha kina kero yake.

— Mimi sinunui kitu kinachokumbuka namna hiyo, alisema Muhidin, kisha akanitazama haraka, akainamia cherehani.

Bajaji ilisimama. Akashuka mwanamume mrefu, amekumbatia dishi kifuani, na mzunguko wa waya uko begani. Alikuwa Bashiru, fundi aliyehamia Mwanza kutoka Kahama. Mtaani kwetu alikuwa hajawahi kufika.

— Shikamooni, wazee. Habari za hapa, dada.

— Marahaba, tuliitikia wazee. Salama, karibu kahawa, aliongeza Najat.

— Nikishuka nitakunywa. Mwenye mzigo ni nani?

— Ni mimi, nilisema. Nyumba ni ile.

Alirudi nyuma hatua chache, akaipima kwa macho. Alikuwa fundi makini, hilo lilionekana.

— Ukutani halikai. Jiwe limeziba upande wote tunaoutaka. Itabidi nilipandishe juu pale, kwenye ule mlingoti wa antena.

— Sawa.

— Nikifika juu nitakuwa nageuza kidogo kidogo. Ndani nani ataniitia picha ikifika?

— Kile kimashine cha kupimia mawimbi huna? aliuliza Mashimba upesi.

— Kimeingia maji. Ila haina shida, mtu yeyote mwenye macho. Akaniangalia na tabasamu la mgeni. Mama yupo?

Cherehani ya Muhidin ilinyamaza. Mashimba aliinama kuangalia tairi ambalo halikuwa na tatizo. Najat alifunika birika, akalifunua, akalifunika tena. Nilingoja mmoja wao ajibu, nikaelewa kwamba wao nao walikuwa wananingoja mimi, na kwamba miezi yote ile hakuna aliyewahi kutuuliza.

— Hayupo, nilisema.

Lilikuwa jibu sahihi, ingawa halikutosha. Bashiru alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa mama kaenda sokoni.

— Naingia mimi, Dokta, alisema Mashimba. Nina sauti.

— Wewe utamwambia imefika hata ikionyesha chenga. Kaa. Nitaingia mwenyewe.

Bashiru alipomaliza kuunganisha waya na kupanda jiwe, niliwasha televisheni, nikasimama katikati ya sebule. Nikaona kwamba nikisimama pale sifikii dirisha. Kiti pekee ambacho mtu akikikalia anaona kioo na pia anasikika nje ni kile cha Justa. Nikakaa.

Sikuwahi kukikalia. Sikujua kwamba kutoka pale kioo na dirisha vinakaa bega kwa bega, na dirisha limejaa jiwe. Bashiru alikuwa anaonekana mzima, kuanzia viatu mpaka kichwa, kifua kimeegemea upepo, shati limejaa hewa, ziwa lote liko nyuma yake. Miaka yote nilikuwa nasimama pale pale, mikono miwili kwenye bomba, macho kwenye mnara, kisogo kwenye nyumba. Nilidhani mtu wa ndani anaangalia televisheni.

— Tayari, mzee? Naanza!

— Anza!

Kwenye kioo, mstari wa kupima mawimbi ulipanda mpaka nusu, ukashuka.

— Umepitiliza! Rudisha!

Sauti yangu ilitoka kavu. Nje, kijiweni, hakuna aliyedakia. Mstari ukapanda tena, taratibu, kioo kikawa cheusi kidogo, kisha akatokea mwanamke anayesoma habari. Uso wake ulikuwa safi kama maji ya kunywa. Alikuwa anaeleza bei za mahindi, na sauti yake ikajaa sebule mpaka kwenye pazia.

— Vipi, mzee? Imefika?

Nilimtazama kule juu. Mikono yake ilikuwa imeanza kuchoka, niliijua ile namna ya kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Nilikuwa nikishuka namlalamikia Justa, kwamba anachelewa mno kuona picha imefika. Alikuwa ananiwekea chai mezani, hajibu.

Nikachukua rimoti, nikaipunguza sauti ya yule msomaji isisikike nje.

— Bado, nikamwitia. Bado kidogo.